Lofoten wakati wa baridi: mwanga upo, kazi ni mawingu

Anayepanga safari ya kwenda kuona mwanga wa kaskazini (aurora, zile rangi zinazocheza angani usiku) mara nyingi huanza na jua. Anapakua programu yenye namba za Kp, kipimo cha msukosuko wa sumaku ya dunia, anafuatilia madoa ya jua, anasubiri wiki ambayo wataalamu wamesema dhoruba inakuja. Kisha anafika, na kwa usiku 3 mfululizo wingu limekaa juu ya paa kama kifuniko cha sufuria. Juu ya wingu hilo mwanga unacheza, na yeye yuko chini yake anakunywa kahawa ya bei mbaya.

Kwa visiwa vya Lofoten, pwani ya kaskazini mwa Norwei, hesabu ya jua ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Visiwa hivi viko kati ya latitudo ya 67 na ya 68 na ushei, ndani ya Duara ya Aktiki, karibu kabisa chini ya ule mkanda unaoizunguka ncha ya sumaku ya dunia. Chembe zenye umeme, hasa elektroni zinazopata nguvu yake kutokana na upepo wa jua, hushuka kwa kufuata uga wa sumaku hadi kwenye mkanda huo na kuzigonga hewa za juu kabisa. Oksijeni iliyo kwenye kimo cha kilomita 100 hadi 150 hutoa kijani, iliyo juu zaidi ya kilomita 200 hutoa wekundu, na nitrojeni hutia zambarau na waridi kwenye pindo la chini. Kipimo cha Kp huanzia 0 hadi 9. Lofoten, Kp ya 1 au 2 inatosha, na hiyo ni hali ya kawaida tu, haingoji dhoruba. Dhoruba kubwa ni habari ya watu wa kusini: ile ya Mei 2024 ilifika Kp 9, na ya Februari 1872 ilionekana hadi Bombay na Khartoum. Lofoten haina haja ya mambo hayo. Inahitaji mwanya kwenye mawingu, na mwanya huo unaweza kuupangia.

Kwa nini Lofoten na siyo visiwa vingine vya kaskazini? Svalbard ni mbali zaidi na inavutia zaidi kwenye ramani, lakini mji wa Longyearbyen, kwenye latitudo ya 78, umeupita ule mkanda. Usiku mwanga huwa kusini kwake. Kinachoonekana kule na karibu hakuna kwingine kwenye makazi ya watu ni mwanga wa mchana: kati ya mwishoni mwa Oktoba na katikati ya Februari jua halichomozi kabisa, na katikati ya kipindi hicho hata saa sita mchana giza linatosha kuuona. Ni jambo la ajabu, ila si safari ya kwanza. Shetland, kwenye latitudo ya 60, wana jina zuri la mwanga huu, Mirrie Dancers, lakini kwao lazima jua likasirike kidogo. Visiwa vya Faroe vina mawingu kupita kiasi. Lofoten ina kitu kimoja ambacho hivi vingine havina: visiwa vikubwa vimeunganishwa na barabara moja, E10, kwa madaraja na mahandaki, kutoka bara hadi kijiji cha Å kwenye ncha ya mwisho. Kutoka Svolvær hadi Å ni kama kilomita 130. Ukiwa na gari, unaweza kuufuata mwanya.

Joshi na demani

Mabaharia wa jahazi wanajua tofauti ya joshi na demani: upande upepo unakotoka, na upande upepo unakokwenda. Milima ya Lofoten imesimama kama tanga. Ni ukuta wa mawe unaofika mita 1,000 na zaidi, umelazwa kutoka kaskazini-mashariki kwenda kusini-magharibi, upande mmoja ukiwa Bahari ya Norwei na wa pili ukiwa Vestfjorden, lile bahari pana linalotenganisha visiwa na bara. Hewa yenye unyevu ikigonga ukuta huu hupanda, ikipanda hupoa, ikipoa hugeuka wingu na mvua au theluji. Ikishuka upande wa pili huwa imekauka kiasi, na wingu hupasuka.

Kwa hiyo upepo ukitoka kusini au kusini-magharibi, upande wa Vestfjorden unalowa: Svolvær, Henningsvær, Stamsund, Ballstad, Reine. Siku hiyo unavuka kwenda demani, yaani fukwe za nje zinazotazama kaskazini na magharibi: Laukvik, Gimsøya, Eggum, Unstad, Uttakleiv, Skagsanden. Upepo ukitoka kaskazini-magharibi, hali inageuka. Hewa baridi inayopita juu ya maji yenye uvuguvugu huleta manyunyu mazito ya theluji, moja baada ya jingine, na fukwe za nje ndizo zinazopigwa. Katikati ya manyunyu huwa kuna nafasi ya dakika 10 hadi 30 mbingu ikiwa nyeusi safi. Baadhi ya picha bora za Lofoten zimepigwa katika nafasi hizo, na mpigaji amerudi garini mara nne au tano akiwa mweupe wa theluji. Asiyetaka shida hiyo anakwenda upande wa Vestfjorden. Upepo wa mashariki au kusini-mashariki, unaotoka bara, ndio zawadi: mkavu, wa baridi kali, na mara nyingi mbingu yote iko wazi. Usiku huo usilale mapema.

Hapa ndipo uamuzi wa mahali pa kulala unapotoka. Reine ni kuzuri kuliko kote, na kila mtu anataka kulala Reine, kwenye rorbu, zile nyumba nyekundu za wavuvi zilizosimama kwenye nguzo juu ya maji (historia yao inarudi hadi Mfalme Øystein, aliyeamuru zijengwe kule Vågan mnamo 1120 hivi). Lakini Reine iko pembeni, milima imeuziba upeo, na barabara ya kutokea hapo ni ile ile moja. Kwa anayewinda mwanga, Leknes au Ballstad kwenye kisiwa cha Vestvågøya ni bora: kama dakika 15 hadi 25 kufika Haukland na Uttakleiv, chini ya saa moja hadi Skagsanden, na Svolvær iko umbali wa kilomita kama 70. Lala Reine usiku mmoja kwa ajili ya macho, zilizobaki kaa katikati.

Na usiku ziwe ngapi? Chukua mfano wa makadirio tu: tuseme kila usiku una nafasi moja kati ya tatu ya kukupa mwanya wa kutosha. Kwa usiku 1 una asilimia 33. Kwa usiku 3 inafika 70, kwa usiku 5 inafika 87, kwa usiku 7 ni 94. Kwa kweli hali ni mbaya kidogo kuliko hesabu hiyo, kwa sababu mawingu huja kwa mikupuo, siku mbaya huzaa siku mbaya. Usiku 5 kamili visiwani ndio kima cha chini ninachoweza kumshauri mtu anayetoka mbali. Safari ya usiku 2 ni bahati nasibu yenye tiketi ghali.

Mwezi upi, na mwezi upo wapi

Giza la kutosha lipo kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi mapema Aprili. Septemba na Oktoba theluji ni haba, maji ya vidimbwi bado hayajaganda na huakisi mwanga. Wapiga picha wengi wanaipenda miezi hiyo. Novemba hadi Januari ni miezi ya dhoruba. Kati ya mapema Desemba na mapema Januari jua halichomozi, kuna saa chache tu za mwanga wa bluu adhuhuri. Watu hudhani giza refu ni faida, lakini giza refu chini ya wingu ni giza tu, na mchana huna cha kufanya. Februari ya mwisho na Machi ndio wakati wangu: theluji milimani, mchana wa kutosha kuendesha gari unapoona, na usiku bado ni mrefu. Machi na Septemba pia zina faida ya kiasili, kwa sababu karibu na siku za mlingano wa usiku na mchana uga wa sumaku wa dunia na ule wa upepo wa jua hukaa kwa namna inayorahisisha nguvu kuingia. Zaidi ya hayo, Februari na Machi ndio kilele cha uvuvi wa skrei, chewa wanaoshuka kutoka Bahari ya Barents kuja kuzaa, na kila kijiji kina chanja za mbao zilizotundikwa samaki maelfu. Wanakaushwa bila chumvi, kwa upepo na baridi peke yake. Mtu wa pwani aliyezoea harufu ya ng'onda atajihisi nyumbani kabla hajashuka garini.

Kuhusu mwezi wa angani, anayefuata kalenda ya Kiislamu ana zana tayari. Mwezi mpevu, tarehe 13 hadi 16, huwasha theluji yote na kufifisha mwanga hafifu. Si mwisho wa dunia, kwani milima nayo huonekana vizuri pichani, ila rangi za pembeni zinapotea. Kwa latitudo hii kuna jambo ambalo ratiba nyingi hazilisemi. Februari ya mwisho na Machi, mwezi unaokua wa nusu ya kwanza hupanda juu sana na unaweza usitue usiku kucha, lakini mwezi unaopungua wa nusu ya mwisho hukaa chini kusini, na usiku mwingine hauchomozi kabisa. Kwa hiyo dirisha la giza haligawanyiki sawa pande mbili za mwezi mwandamo. Linaanza mwezi 19 hivi na kufika hadi mwezi 4 wa mwezi unaofuata. Panga safari ndani ya dirisha hilo.

Kumbuka pia kuwa mwezi mwandamo huleta bamvua. Usiku wa giza bora ndio usiku ambao maji yanajaa zaidi, na Lofoten maji hupanda kwa mita 2 hadi 3. Ukiweka kamera kwenye mawe ya Uttakleiv wakati maji yanajaa, na mawimbi ya dhoruba ya jana bado yanafika, utashtukia viatu vimelowa au vibaya zaidi. Mawe yale yana utelezi wa mwani chini na barafu juu. Simama juu zaidi kuliko mstari wa mwani mkavu.

Na jua je? Kilele cha mzunguko wa sasa wa nguvu za jua, ule wa miaka kama 11, kilitangazwa Oktoba 2024, na miaka inayofuata ni ya kuteremka. Hilo halimsumbui sana mtu wa Lofoten. Katika kuteremka, sehemu za jua zinazotoa upepo wa kasi hudumu miezi, na kwa kuwa jua hujizungusha kwa siku kama 27 likitazamwa kutoka duniani, upepo ule ule hurudi. Ukiona usiku wenye nguvu mwezi mmoja, hesabu siku 27 mbele. Ni kidokezo, si ahadi.

Karatasi na njia

Norwei si mwanachama wa Umoja wa Ulaya lakini imo Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Mwenye pasi ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza, hata kama anaishi London au Minnesota na ana kibali cha huko. Anayeishi Muscat au Dubai anaomba kutoka huko anakoishi kihalali, si lazima arudi nyumbani. Ombi linapokelewa mapema hadi miezi 6 kabla, na lisiwe chini ya siku 15 kabla ya safari. Siku 15 ndizo za kawaida za kushughulikia, lakini zinaweza kufika 45, kwa hiyo miezi 3 kabla ni wakati wa busara. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, bima ya afya ya safari iwe ya angalau euro 30,000, na pasi iwe hai kwa miezi 3 baada ya kutoka Schengen ikiwa na kurasa mbili tupu. Ukipitia Amsterdam kubadili ndege tu, viza bado unaiomba Norwei, maana ndiko unakokwenda. Ila ukaguzi wa kuingia Schengen utafanyiwa Amsterdam, kwa hiyo acha muda wa kutosha kati ya ndege. Weka nafasi za malazi zinazoweza kufutwa bila gharama. Usilipe tiketi isiyorudishwa kabla viza haijatoka.

Anayetamani kuongeza Svalbard ajue kuwa Svalbard iko nje ya Schengen, japo ni ya Norwei. Ukitoka bara kwenda kule umetoka Schengen, na kurudi unahitaji kuingia upya. Viza ya kuingia mara moja itakukwamisha. Omba ya kuingia mara mbili au zaidi. Faroe nayo ina mtego wake: viza ya Denmark lazima iandikwe wazi kuwa inafika Faroe.

Kutoka Dar, Nairobi au Entebbe unafika Oslo kwa kupitia Addis Ababa, Doha, Istanbul au Amsterdam. Kutoka Oslo kuna njia mbili za maana. Ya kwanza ni ndege kubwa hadi Evenes, uwanja wa Harstad na Narvik, kisha gari kwa kama kilomita 165 hadi Svolvær. Tangu 2007 njia hiyo haina kivuko hata kimoja. Ya pili ni ndege hadi mji wa Bodø, ulio bara, kisha ndege ndogo hadi Leknes au Svolvær, au kivuko cha kwenda Moskenes cha saa 3 na zaidi. Ndege ndogo inavutia, ila viwanja vya Leknes na Svolvær vina njia fupi za kurukia, kama mita 800, na upepo wa ubavuni huzifuta safari bila huruma. Kivuko nacho huvuka Vestfjorden, bahari ambayo Februari haina adabu. Mimi nachagua Evenes.

Visiwa vya Værøy na Røst, vilivyo mbali zaidi baharini, vitamvuta anayependa upweke. Røst ni tambarare, hakuna mlima wa kuziba mbingu, na ndipo Pietro Querini, nahodha wa Venisi, alipotupwa na bahari mwaka 1432. Værøy ilifunga uwanja wake wa ndege baada ya ajali ya 1990 iliyosababishwa na upepo. Sasa inafikiwa kwa helikopta au kivuko. Ni visiwa vya kwenda ukiwa na wiki mbili mkononi. Ukiwa pale huwezi kuufuata mwanya. Unakaa ukiungoja ukufikie.

Gari

Hapa watu wetu huharibikiwa kuliko kwenye mawingu. Kwanza, Norwei wanaendesha upande wa kulia. Kwa mtu wa Tanzania, Kenya au Uganda, hatari haiko barabara kuu mchana. Iko unapotoka kwenye maegesho saa 6 usiku, barabara tupu, mkono unakupeleka kushoto wenyewe. Bandika karatasi kwenye dashibodi. Pili, kampuni za kukodisha hutaka kadi ya mkopo yenye jina la dereva kwa ajili ya dhamana; kadi ya benki ya kawaida mara nyingi haikubaliwi, na pesa za simu hazina kazi. Tatu, baadhi ya gari za bei nafuu ni za gia za mkono, omba otomatiki mapema kama ndiyo uliyozoea. Kiwango cha pombe ni 0.2 kwa elfu, maana yake usinywe kabisa.

Kaskazini mwa Norwei tairi zenye misumari zinaruhusiwa kuanzia 16 Oktoba hadi 30 Aprili. Ziombe. Mbingu ikipasuka usiku baada ya mvua, joto la ardhi linakimbilia angani, na lami iliyolowa inaganda ndani ya muda mfupi. Yaani saa ile ile unayoondoka kuwinda mwanga ndiyo saa ya barafu nyeusi, isiyoonekana, hasa juu ya madaraja. Hii si bahati mbaya, ni fizikia moja inayokupa vyote viwili. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake, na usikanyage breki kwa ghafla.

Egesha pua ya gari ikitazama upepo. Ukiiegesha kinyume, upepo wa mita 20 kwa sekunde utauchukua mlango mara utakapoufungua, na uharibifu wa mlango ni miongoni mwa mambo ya kuuliza kwenye bima kabla ya kutia saini. Vibao vyenye herufi M kwenye njia nyembamba ni sehemu za kupishana, si maegesho. Wenyeji wamechoka na watalii wanaosimama hapo kupiga picha. Hali ya barabara unaipata kwa simu 175 au kwenye tovuti ya Statens vegvesen, mamlaka ya barabara ya Norwei, pamoja na kamera za barabarani zinazokuonyesha lami na, bila kukusudia, mbingu. Ukiona neno kolonnekjøring, magari yanapita kwa msafara nyuma ya gari la kusukuma theluji. Unasubiri kwenye kizuizi, unafuata, hupiti mbele. Hatari ya maporomoko ya theluji hupimwa kwa ngazi 1 hadi 5 kwenye tovuti ya Varsom, na ngazi ya 3 tayari ni ya kuheshimu. Ambulensi ni 113.

Usiku wenyewe

Saa sita mchana fungua Yr, huduma ya idara ya hali ya hewa ya Norwei. Tazama mwelekeo wa upepo kwanza, kisha mawingu kwa saa. Wingu la juu, jembamba, huruhusu mwanga kupita. La chini halisamehe. Linganisha Svolvær, Leknes na Reine, utaona tofauti. Jioni angalia picha za setilaiti, kwa sababu utabiri wa mwanya wa dakika 20 hakuna anayeuweza, lakini tundu lililopo tayari linaonekana likisogea.

Ndipo unageukia jua, na hapa iache Kp. Kp ni wastani wa saa 3 kwa dunia nzima. Ikikufikia, habari imepoa. Tazama Bz, mwelekeo wa sumaku ndani ya upepo wa jua, unaopimwa na setilaiti zilizoko kilomita milioni 1.5 kutoka duniani. Bz ikiwa hasi, yaani ikielekea kusini, mlango uko wazi. Ikikaa hasi kwa nusu saa au zaidi, vaa viatu. Kutoka kwenye setilaiti hizo hadi kwetu ni kama dakika 20 hadi saa moja na nusu, kutegemea kasi. Kasi ya kilomita 300 kwa sekunde ni ya kivivu, 500 na zaidi ni nzuri.

Februari ya kati giza la kutosha linaingia kama saa 12 jioni kwa saa za huko, zilizo nyuma ya zetu kwa saa 2. Muda wenye matumaini ni saa 2 usiku hadi saa 7 usiku. Mwanga hufuata mtiririko: kwanza upinde hafifu, chini kaskazini, umetulia, mara nyingi rangi ya kijivu kwa jicho. Watu huuona, husema "ndio huu tu?", na kurudi kulala. Hilo ndilo kosa linalouma zaidi. Upinde ule ni bwawa linalojaa. Pindo lake la chini likianza kung'aa na kujikunja, dakika chache baadaye linaweza kupasuka hadi juu ya kichwa, kwa dakika 10 au 20, kisha kubaki vipande vinavyowaka na kuzima. Baada ya hapo kimya, saa moja au mbili, na mzunguko huanza tena. Kama hujui ni wingu au ni mwanga, piga picha kwa simu kwa sekunde 3: likitokea kijani, umejibiwa. Nyota pia hupenya mwanga lakini hazipenyi wingu.

Uwe na mavazi ya kusimama, kwani kutembea kunapasha mwili moto na kusimama hakupashi. Joto la Lofoten si la kutisha, Februari huzunguka sifuri kwa sababu ya maji ya uvuguvugu yanayopanda kutoka Atlantiki, lakini nyuzi 0 na upepo wa mita 15 kwa sekunde huhisiwa kama nyuzi 8 chini ya sifuri, na mvua ya nyuzi 1 ni mbaya kuliko theluji. Ndani vaa sufu, juu yake sufu nzito au flisi, nje koti na suruali zisizopitisha upepo wala maji. Pamba iache hotelini: ikilowa jasho haikauki. Viatu viwe vikubwa kwa namba moja, ili soksi nene isibane damu. Glavu nyembamba ndani ya glavu nene za mfuko, zisizotenganisha vidole. Na nunua brodder, yale meno ya chuma ya kuvisha chini ya viatu, siku ya kwanza. Watu huvunjika mikono kwenye maegesho, si milimani.

Kamera: lenzi pana, milimita 14 hadi 24, uwazi wa f/2.8 au mpana zaidi (namba ndogo kuliko hiyo), ISO 1600 hadi 3200. Mwanga ukiwa umetulia, sekunde 8 hadi 15. Ukicheza, shuka hadi 2 au 3, la sivyo mapazia yanageuka uji wa kijani. Fokasi iwe ya mkono, kwenye nyota angavu, uikague upya kila baada ya nusu saa. Zima kitulizaji cha lenzi ukiwa kwenye stendi. Betri za akiba zikae mfuko wa ndani, karibu na mwili. Na kabla ya kuingia nyumbani, funga kamera ndani ya mfuko wa plastiki huku nje, uiache humo saa moja au mbili. Unyevu utaganda kwenye mfuko badala ya kwenye lenzi.

Usiku wa mwisho usilale visiwani. Shuka karibu na Evenes, ili barabara ikifungwa usikose ndege ya Oslo na zote zinazofuata, hasa kama tiketi umenunua vipande vipande. Usiku huo pia una faida yake. E10 ile ile inaendelea mashariki, inavuka milima ya Bjørnfjell na kuingia Uswidi hadi Abisko, kama kilomita 140 kutoka Evenes, mahali ambapo milima imeshaukamua unyevu wa bahari na mbingu mara nyingi iko wazi wakati pwani yote imefungwa. Uliza kampuni ya gari kama inaruhusu kuvuka mpaka, piga 175 uulize kama mlima uko wazi, beba pasi, na ujaze tanki kabla ya kupanda.